Huduma ya Windows imegoma: utengeneze huduma, ukarabati mfumo, urudi nyuma au upige Windows upya?

Mama mmoja mwenye steshenari aliniletea kompyuta yake ya mezani akiwa ameshaamua dawa. "Fundi, nipigie Windows tu, nimechoka." Printa ilikuwa imekataa tangu asubuhi, wanafunzi wamepanga foleni na fomu zao za mikopo, na kila akijaribu kuchapisha kinatokea kisanduku kinachodai huduma ya Print Spooler, ile inayopanga foleni ya kuchapisha, haifanyi kazi. Nikamwambia, "Mama, nipe dakika kumi kwanza." Kwenye foleni ya uchapishaji palikuwa na kazi moja iliyoharibika, iliyotokana na PDF kubwa. Kila Print Spooler ilipowaka iliikuta kazi ile ile na kuanguka. Nilisimamisha huduma, nikafuta kazi hiyo, nikaiwasha tena, na karatasi zikaanza kutoka. Ningefuata alichoagiza, angepoteza siku nzima, programu yake ya mahesabu na draiva ya printa ambayo CD yake ilishapotea.

Kupiga Windows upya si kosa. Zipo kompyuta ambazo nimezipiga upya nikiwa na uhakika kwamba ndiyo njia fupi kuliko zote. Ninachopigania ni kwamba ukubwa wa dawa ulingane na mahali ugonjwa ulipo. Huduma moja iliyozimwa haihitaji mfumo mzima ubomolewe, na mfumo uliooza hauponi kwa kubofya Start mara ishirini.

Njia zilizo mbele yako ni nne: kuishughulikia huduma yenyewe, kukarabati mafaili ya Windows kwa DISM na sfc, amri mbili za Windows yenyewe, kuurudisha mfumo nyuma kwa System Restore, na kuweka Windows upya. Nitazipima zote kwa maswali yale yale. Inagusa nini hasa? Inakula muda, bando na umeme kiasi gani? Mafaili na programu zako zinaweza kupotea? Inamfaa nani? Umeme nimeuweka makusudi, kwa sababu baadhi ya njia hizi zikikatishwa katikati zinakuachia hali mbaya kuliko uliyoanza nayo.

## Kabla ya kuchagua, soma namba

Huduma ni programu inayofanya kazi kimyakimya, bila dirisha lake kwenye skrini: ya kuchapisha, ya sauti, ya mtandao, ya masasisho. Anayeziwasha na kuzizima ni Service Control Manager, na akishindwa kuiwasha moja hutoa namba. Watu wengi hufunga kisanduku kabla ya kuisoma, kisha wanabaki kubahatisha.

Namba 1058 maana yake huduma imezimwa kwa makusudi. Kuna mtu au programu iliyoiweka Disabled. Namba 1068 inasema huduma hii inategemea nyingine, na hiyo nyingine ndiyo iliyoshindwa kuwaka, kwa hiyo unayemlaumu siye mkosaji. Namba 1053 inamaanisha huduma imechelewa kujibu. Kwa kawaida Windows huisubiri sekunde 30 tu, na kwenye diski ya zamani inayojikokota muda huo unaweza kuisha huduma ikiwa bado inajivuta. Namba 1069 ni ya nenosiri: huduma imepangiwa kuingia kwa akaunti fulani, na nenosiri la akaunti hiyo limebadilishwa au limekosewa. Hii utaikuta zaidi kwenye programu za ofisini zenye hifadhidata. Namba 2 inasema faili la huduma halionekani, na mara nyingi antivairasi imelifuta. Namba 5 ni kunyimwa ruhusa, na kosa linaweza kuwa dogo kama kusahau kufungua dirisha la amri kwa mamlaka ya Administrator.

Wakati mwingine namba hizo hizo huja zimevaa nguo nyingine. Windows Update au Microsoft Store inapokuonyesha 0x80070422, chukua ile 422 ya mwisho uigeuze kutoka hesabu ya kumi na sita kuja hesabu ya kawaida. Unapata 1058, yaani huduma imezimwa. Ile 0x8007042C nayo ni 1068. Kikokotoo cha Windows kinafanya hesabu hii ukikiweka kwenye hali ya Programmer. Kujua jambo hili kumeniokolea saa nyingi sana, kwa sababu nusu ya namba ndefu zinazowatisha watu ni namba fupi tunazozijua tayari.

Ukishapata namba, fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ingia Windows Logs, kisha System, utafute taarifa zilizotoka kwa Service Control Manager. Tukio 7000 ni huduma kushindwa kuanza. Tukio 7001 linakutajia huduma iliyoiangusha mwenzake. Matukio 7031 na 7034 ni ya huduma iliyokuwa ikifanya kazi ikaanguka ghafla. Tukio 7040 ndilo ninalolitafuta kwa hamu, kwa sababu linaonyesha namna ya kuwaka ya huduma ilipobadilishwa, pamoja na siku na saa. Siku hiyo ikilingana na siku uliyoweka programu fulani, umeshampata wa kumhoji.

## Njia ya kwanza: kuishughulikia huduma yenyewe

Inagusa nini. Huduma moja, au ile moja na inazozitegemea. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika `services.msc`, kisha uifungue huduma husika. Kwenye Startup type utaona kama ni Automatic, Manual au Disabled. Kwenye Dependencies utaona inamtegemea nani, kwenye Log On inaingia kwa akaunti gani, na kwenye Recovery unaiambia Windows ifanye nini huduma ikianguka. Recovery imesahaulika sana. Huduma inayoanguka mara moja kwa wiki bila sababu ya wazi unaweza kuipangia ijiwashe yenyewe baada ya dakika moja huku ukiendelea kutafuta chanzo.

Kwa Print Spooler, dawa ninayoanza nayo ni hii. Fungua Command Prompt kama Administrator, andika `net stop spooler`, ingia kwenye `C:\Windows\System32\spool\PRINTERS` ufute vilivyomo, kisha andika `net start spooler`. Futa vilivyo ndani ya PRINTERS tu. Jirani yake kuna folda iitwayo drivers, na ukiifagia hiyo utakuwa umejiongezea kazi. Ikikupa 1068, amri ya `sc qc spooler` itakuorodheshea inazozitegemea, ambazo kwa kawaida ni RPCSS na HTTP. Nimekuta HTTP imezimwa na programu iliyojitangaza kuwa inafanya kompyuta iwe nyepesi.

Kwa Windows Update, zima `wuauserv` na `bits`, ibadilishe jina folda ya `C:\Windows\SoftwareDistribution` kuwa `SoftwareDistribution.old`, kisha uziwashe tena. Windows itaunda folda mpya. Masasisho yaliyokuwa yamepakuliwa nusu yataanza kupakuliwa upya, kwa hiyo kama unatumia bando la simu, iweke mtandao huo kuwa Metered connection kwanza, ili Windows ibane upakuaji.

Muda, bando na umeme. Dakika chache, bila intaneti. Umeme ukikatika katikati, huduma itabaki imezimwa tu, unaendelea ulipoishia.

Hatari. Ni ndogo ukiandika hali ilivyokuwa kabla hujaibadilisha. Mimi hupiga picha ya skrini kwa simu, kila mara. Ni kubwa ukibahatisha, hasa sehemu mbili. Ya kwanza ni `msconfig`, dirisha la Windows la kupanga vinavyowaka, ambako watu hubofya Disable all bila kuweka alama kwenye Hide all Microsoft services. Kompyuta inawaka tena bila huduma za msingi, na wakati mwingine hata kuingia kwenye akaunti inakuwa shida. Ya pili ni rejista ya Windows, ghala la mipangilio ya mfumo. Kila huduma ina sehemu yake chini ya `HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services`, na thamani ya Start ikiwa 2 ni Automatic, 3 ni Manual, 4 ni Disabled. Huduma ambayo vitufe vyake vimefifia kwenye `services.msc` hushawishi mtu aingie huku. Ukilazimika kuingia, hifadhi kwanza nakala ya sehemu unayoigusa kwa kutumia Export.

Inamfaa nani. Mwenye kosa moja lenye jina na namba, huku mambo mengine yote yakienda sawa. Inamfaa pia asiye na bando na mwenye wateja mlangoni. Haimfai mtu ambaye leo imegoma sauti, jana printa, juzi masasisho. Huyo anakimbizana na dalili.

## Njia ya pili: kukarabati mafaili ya Windows

Inagusa nini. Mafaili ya Windows yenyewe, hayo tu. Amri ni mbili na mpangilio wake una maana. Anza na `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`, ikimaliza fuata `sfc /scannow`. Sababu ni kwamba sfc hubadilisha mafaili mabovu kwa kuchukua mazima kutoka kwenye ghala lililo ndani ya Windows, na DISM ndiyo inayolitengeneza ghala hilo. Ukianza na sfc wakati ghala limeoza, itakwambia imeona mabovu lakini imeshindwa kuyarekebisha yote.

Kwa hiyo huduma ya Microsoft inayoanguka kwa sababu faili lake la DLL limeharibika inaweza kupona hapa. Huduma ya programu ya mahesabu, ya antivairasi au ya printa ya kampuni nyingine haitaguswa kabisa. Na huduma iliyo Disabled itabaki Disabled, hata kama mafaili yake yote ni mazima. Watu wengi huendesha sfc kwa kila kosa kana kwamba ni panadoli, kisha wanashangaa kosa 1058 liko pale pale.

Muda, bando na umeme. Kwenye SSD tenga nusu saa au zaidi. Kwenye diski ya zamani tenga mchana. DISM huweza kusimama kwenye asilimia moja kwa muda mrefu. Usiifunge kwa hasira. Kwa kawaida huchukua mafaili mazima kupitia Windows Update, kwa hiyo inahitaji bando. Na hapa pana mtego: kama huduma iliyogoma ni Windows Update yenyewe, DISM inaweza kukosa pa kuchukulia. Basi tumia faili la ISO, yaani nakala ya diski ya kuwekea Windows, la toleo lile lile ulilonalo. Libofye mara mbili lifunguke kama diski, tuseme E, kisha andika `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:wim:E:\sources\install.wim:1 /LimitAccess`. Namba ya mwisho huchagua aina ya Windows ndani ya faili, Home au Pro, nayo lazima ilingane na uliyonayo. Kwa mafundi wa sehemu zenye mtandao hafifu, ISO moja kwenye flashi ni mali.

Hatari. Ni ndogo kuliko zote. Picha, nyaraka na programu zako haziguswi.

Inamfaa nani. Mwenye kompyuta iliyozimika ghafla mara nyingi kwa kukatika umeme, au iliyotoka kusafishwa virusi, na sasa huduma kadhaa za Windows zinaanguka bila mpangilio. Kama namba uliyosoma ni 1058 au 1069, usipoteze mchana wako hapa.

## Njia ya tatu: kuurudisha mfumo nyuma

Inagusa nini. System Restore huirudisha rejista, mafaili ya mfumo, draiva na programu kwenye hali ya siku iliyotangulia. Mipangilio ya huduma inakaa kwenye rejista, kwa hiyo programu ya kufanya kompyuta iwe nyepesi ikizima huduma kumi na tano kwa mpigo, njia hii inaweza kuzirudisha zote mara moja, hata zile usizozijua kwa jina. Hilo ndilo linalonifanya niipende kuliko wanavyoipenda mafundi wengi.

Lakini inahitaji uwe na mahali pa kurudi. Kwenye kompyuta nyingi ulinzi huu haukuwashwa kamwe. Andika `rstrui` kwenye sehemu ya kutafuta uone. Kama hakuna tarehe hata moja, njia imefungwa, hamia nyingine.

Muda, bando na umeme. Haihitaji intaneti. Itenge saa nzima, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS usiirudishe nyuma siku ambayo umeme unacheza. Angalia na uniti za LUKU kabla ya kuanza. Ikikatwa katikati, Windows inaweza kushindwa kuwaka.

Hatari. Nyaraka na picha zako hubaki. Programu na draiva zilizowekwa baada ya tarehe unayorudi huondoka, na zilizoondolewa huweza kurudi. Kabla hujakubali, bofya Scan for affected programs upate orodha yake. Jambo la pili ni BitLocker, kufuli la Windows linaloifunga diski yote. Kama Windows haiwaki na unalazimika kuingia kwenye skrini ya bluu ya urejeshaji, kompyuta iliyofungwa kwa BitLocker inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Kompyuta mpya nyingi hufungwa hivyo zenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila mwenyewe kujua. Ufunguo kwa kawaida huwa umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Utafute leo, kompyuta ikiwa bado inawaka.

Inamfaa nani. Anayeweza kusema, "Ilikuwa nzima hadi Jumanne." Mwenye tarehe. Kwa tatizo lililokua polepole miezi sita, haitamfaa.

## Njia ya nne: kuweka Windows upya

Inagusa nini. Kila kitu cha mfumo, lakini kwa viwango vitatu ambavyo watu huvichanganya chini ya jina moja la kupiga Windows.

Kiwango cha kwanza ni ukarabati wa juu kwa juu. Ukiwa ndani ya Windows, unafungua ISO, unaendesha `setup.exe` na kuchagua kubaki na mafaili na programu zako. Windows inajengwa upya chini yako, na programu zinabaki. Kwenye Windows 11 mpya kuna kitufe cha kufanya hivyo kupitia Windows Update, ndani ya Settings, System, Recovery. Mafundi wengi huruka hatua hii, nami nashindwa kuelewa kwa nini, kwa sababu huponya mengi yanayopona kwa kupiga upya huku programu ya mahesabu ikibaki mahali pake.

Cha pili ni Reset this PC. Ukichagua Keep my files, nyaraka zinabaki ila programu ulizoweka zinafutwa. Cha tatu ni kufuta diski na kuanza moja, na hapo hakibaki kitu ambacho hukukitoa mapema.

Muda, bando na umeme. Saa kadhaa, ukihesabu na kurudisha programu na draiva. Reset kwa Cloud download inaweza kula zaidi ya GB 4, na ISO ya Windows 11 ni kubwa zaidi. Local reinstall haipakui, ila inatumia mafaili yaliyomo kwenye kompyuta. Yakiwa mabovu, inaweza kushindwa. Flashi ya kuwekea Windows iwe na GB 8 au zaidi. Kuhusu umeme, ni kama njia ya tatu, kwa muda mrefu zaidi.

Hatari. Nyaraka zilizo nje ya folda za kawaida, mafaili ya hifadhidata, funguo za leseni za programu, barua pepe zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Uliza, andika, nakili kwenye diski ya nje, kisha fungua nakala hizo kwenye kompyuta nyingine uhakikishe zinasomeka. Leseni ya Windows yenyewe mara nyingi haisumbui, kwa sababu ikishasajiliwa kidijitali hutambua kompyuta ile ile na toleo lile lile.

Inamfaa nani. Mwenye mfumo ulioshindikana kwa DISM, aliyevamiwa na virusi hadi hauamini mfumo tena, au anayeikabidhi kompyuta kwa mtu mwingine. Kama bado uko kwenye Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, angalia kwanza kama kompyuta yako inakubali Windows 11. Usije ukapiga upya mara mbili.

## Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Huduma moja, namba 1058, 1068 au 1069: njia ya kwanza, na karibu kila mara unaishia hapo. Kwa 1069 weka nenosiri jipya kwenye Log On. Kama programu ina mtaalamu wake, mpigie kabla ya kugusa akaunti.

Namba 1053 kwenye kompyuta inayochukua dakika tano kuwaka: huduma huenda haina kosa. Punguza programu zinazowaka pamoja na Windows, iweke huduma hiyo Automatic (Delayed Start), kisha ujaribu tena.

Huduma za Windows zinaanguka ovyo, na hujaweka kitu kipya: njia ya pili, kisha ukarabati wa juu kwa juu. Usirukie Reset.

Yote yaliharibika siku moja baada ya kuweka programu, draiva au sasisho: ondoa kilichowekwa, ikishindikana rudi nyuma kwa System Restore.

Kompyuta ni ya ofisi na imeunganishwa kwenye seva: usibadilishe chochote. Mipangilio ya huduma huweza kuwa inatoka juu, na ukibadilisha itajirudia. Mpe msimamizi wa mtandao namba ya kosa, jina la huduma na saa ya tukio.

Na kama kwenye Event Viewer, katika orodha ile ile ya System, unaona makosa yenye chanzo kilichoandikwa disk, hasa tukio namba 7 linalotaja sehemu mbovu, ziache njia zote nne. Usiendeshe sfc, usirudishe nyuma, wala usipige Windows juu ya diski hiyo. Chomeka diski ya nje, anza kutoa mafaili ukianzia yale yasiyopatikana kwingine, kisha nunua SSD na uweke Windows humo.